Nafasi ya Mtu Mmoja

Nyumba ya mshonaji ilikuwa ghorofa ya tatu, na udogo wake watu waliufanyia mzaha. Jirani wa mlango wa pili alizoea kusema kwamba mle ndani ukitaka kupiga chafya lazima kwanza ufungue dirisha. Sebule ndiyo iliyokuwa karakana: cherehani dirishani, meza ya kukatia katikati, majora ya vitambaa yamesimama kila pembe kama wageni waliokosa viti. Chumba cha kulala kilitosha kitanda na mtu mmoja asiye mnene. Jikoni, ukiinama kuokota kijiko, makalio yanafungua mlango. Na bado mwanamke yule alikuwa ameishi humo miaka tisa tangu aachane na mumewe, akashona, akala, akalala, na wateja wake wakamwita Fundi kwa heshima zote.

Kisha baba yake akaja kukaa naye.

Mzee alikuwa amefiwa na mkewe mwaka uliotangulia, na nyumba aliyokuwa amepanga imeuzwa. Alifika na sanduku moja na mfuko wa zana. Watu wa rika lake walimwita Mzee Stoo, maana kwa miaka thelathini na moja alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha nyuzi, na sifa yake ilikuwa kwamba hakuna mzigo uliowahi kumshinda mahali pa kuuweka. Siku ya kwanza alikunywa chai akiwa amesimama, macho yakitembea ukutani, darini, chini ya meza, nyuma ya mlango.

"Mwanangu," akasema, "huna nyumba ndogo wewe. Una nyumba iliyopangwa na mtu mwenye haraka."

Akaanza kazi kesho yake. Alipima kila kitu kwa tepu na kuandika kwa penseli kwenye kipande cha boksi. Juu ya kila mlango akapiga rafu ya kuwekea vitu vinavyohitajika mara moja kwa mwaka. Nyuma ya milango akashona mifuko ya turubai, huu wa mikasi, huu wa vifungo, huu wa zipu. Meza ya kukatia akaitia bawaba, ikawa inakunjwa ukutani kazi ikiisha. Majora akayalaza juu ya vyuma kutoka sakafuni hadi darini, kila moja lebo yake ikitazama nje, kwa kuwa, alivyosema, kitu usichokiona ni kitu usichonacho. Sufuria zikapanda ukutani. Baada ya wiki tatu mshonaji aliweza kutembea kutoka dirishani hadi mlangoni bila kugeuka upande, na siku hiyo alitembea mara mbili, kwa raha tu.

Mwisho mzee akajenga jukwaa la mbao lililoshika ukuta mzima wa sebule, ndipo pakawa mahali pake pa kulala. Upande wa miguuni akaweka droo tatu. Upande wa pili, chini kabisa ya godoro lake, akaacha uvungu mrefu na kuufunika kwa pazia.

"Na hapa tunaweka nini, baba?"

"Hapa hatuweki kitu."

"Mita mbili nzima?"

"Mita moja na themanini na tano." Akakung'uta unga wa mbao mikononi. "Stoo nzuri huacha nafasi ya mtu mmoja. Usipakie pale, mama."

Mshonaji akacheka. Wazee wana mambo yao, na huyu kwa siku ishirini alikuwa amemfanyia kazi ambayo mafundi watatu wangeikimbia. Hakubishana. Aliona tu kwamba kila asubuhi, kabla ya chai, baba yake hupiga magoti, akaufagia ule uvungu mtupu, kisha akaliacha pazia wazi kiasi cha kiganja. Akakumbuka kwamba hata utotoni, wakati watoto wa majirani walikuwa na uvungu uliojaa masanduku na viatu, wa kitanda cha wazazi wake ulikuwa mtupu. Aliwahi kujificha humo akicheza. Ndiyo mara pekee maishani mama yake alimchapa, na huku akimchapa alikuwa analia yeye, si mtoto.

Miezi minne baadaye mzee aliingizwa hospitali kupasuliwa ngiri. Madaktari walisema siku nane. Siku ya pili yake, mshonaji akapata kazi ya mapazia ya hoteli, na gari likamshushia majora kumi na mawili ya kitambaa kizito cha rangi ya damu ya mzee. Sita yakapata mahali. Sita yakabaki sakafuni, akawa anayaruka kama mtu anayevuka mtaro. Jioni alisimama mbele ya lile pazia, akasema kwa sauti, kana kwamba baba yake yumo chumbani, "Siku nane tu." Akayasukuma majora sita ndani ya uvungu. Yaliingia sawasawa, kama yaliyokatiwa kipimo.

Asubuhi akayakuta nje.

Hayakuwa yametupwa. Yalikuwa yamelazwa katikati ya sebule, mawili mawili, lebo zikitazama juu, kila jozi imefungwa kwa kamba ya katani. Mshonaji alisimama mlangoni mwa chumba chake na kanga ya kulalia, akatazama mlango wa nje. Komeo lilikuwa limefungwa kama alivyolifunga. Akatazama madirisha. Kisha akafanya kile ambacho mtu mwenye akili zake hufanya: akajilaumu. Pengine alichoka, akayatoa mwenyewe akasahau. Lakini kamba ya katani hakuwa nayo. Nyumba nzima, baba alivyoipanga, alijua kila uzi uko wapi, na kamba ya katani haikuwamo.

Akayafungua yale mafundo kwa tabu, la tatu likamshinda akaikata kamba, maana hakuwahi kuona fundo la namna hiyo, limejirudia ndani mara tatu na kujificha mkia. Akayarudisha majora uvunguni, safari hii kwa hasira. Akakaa kwenye cherehani, akaanza kushona.

Ilikuwa kama saa nne, jua limejaa chumbani, watoto wanapiga kelele barabarani, muuza maji anapita na kengele yake. Kati ya mshono na mshono, mguu ukiwa umesimama kwenye pedali, akasikia ubao ukilia. Ulilia polepole, kama kitanda chembamba mtu mzito anapojigeuza. Akageuza kichwa. Pazia lilikuwa limevimba. Halikupeperuka, dirisha lile lilikuwa upande mwingine. Lilivimba kutoka ndani, chini, mahali ambapo goti la mtu aliyelala lingekuwa. Kisha jora la kwanza likatoka, taratibu, bila haraka yoyote, kama mtu anavyosukuma shuka kwa mguu kunapokuwa na joto. Likatoka la pili. Hewa ikanuka magunia na vumbi la pamba.

Mshonaji alikaa pale pale, mikono juu ya kitambaa, akayahesabu yakitoka, matatu, manne, matano, sita, kisha pazia likatulia. Alipoweza kusimama hakwenda karibu nalo. Alichukua mkoba, akaweka kipande cha ile kamba ndani, fundo moja likiwa bado limekaza, akatoka na kungoja saa za kutazama wagonjwa kwenye benchi la nje ya hospitali.

Baba yake alikuwa ameinuliwa na mito miwili. Mshonaji hakujua aanzie wapi, na hakuhitaji. Mzee alimtazama mara moja tu.

"Umepakia pale."

"Majora sita, baba. Kazi ya hoteli. Nilidhani..."

"Amefunga?"

Akatoa kile kipande cha kamba, akakiweka juu ya blanketi. Mzee hakukigusa. Alikiangalia kama mtu anavyoangalia mwandiko anaoujua.

"Fundo hilo kiwandani alilijua mmoja tu," akasema. "Tulimwita Kamba. Kwa wembamba wake, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa anafunga marobota. Robota likifungwa na Kamba, lingeweza kudondoka kutoka ghorofani lisifunguke."

Akaomba maji. Akanywa. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa anakoroma, na mzee akashusha sauti hata hivyo.

Mwaka mmoja, akasimulia, nyuzi zilikuwa hazitoki kiwandani, na mashine hazisimami. Stoo ikajaa. Mkubwa wa kiwanda akamwita, akamwambia stoo nyingine haitajengwa, yeye ndiye bingwa, atafute nafasi. Na yeye akaitafuta. Akapandisha marobota hadi kwenye boriti. Kisha akaziba njia za watu, zile nafasi zinazoachwa kati ya safu na safu, moja baada ya nyingine, hadi ikabaki moja, upana wa bega.

"Kamba akaniambia, 'Mkubwa, sisi tutapita wapi?' Nikamwambia, 'Wewe pita na wembamba wako.' Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, mwanangu. Wiki ile nilikuwa nimesifiwa mbele ya watu."

Ijumaa alasiri, kabla ya mapumziko, alimtuma Kamba ndani akahesabu safu ya nyuma. Kengele ikalia, watu wakatoka. Mzee akafunga stoo, akaweka ufunguo mfukoni, akaenda nyumbani. Hakukumbuka. Hilo alilirudia mara mbili, kwamba hakukumbuka, si kwamba alipuuza. Marobota yalikuwa yameshuka taratibu, bila kishindo, yakaifunga ile njia. Jumatatu wakamtoa. Daktari alisema hakufa Ijumaa. Hakufa hata Jumamosi.

"Na walipouliza," mzee akasema, "nilisema aliingia mwenyewe. Nilisema alikuwa anaiba."

Mshonaji alikuwa ameshika ukingo wa kitanda. Aliyemlea kwa upole wote ule, aliyempigia misumari kila ukuta, ndiye huyu. Alitaka kuondoa mkono wake na hakuuondoa.

"Mama alijua?"

"Alijua. Ilianza wiki ile ile. Kila tulichoweka uvunguni tukakikuta nje. Kila nyumba tuliyohamia, vivyo hivyo. Ukimwachia nafasi yake, yeye hana neno na mtu. Mama yako alipafagia miaka ishirini na moja. Alisema huyu alikufa amebanwa, asibanwe tena."

"Na hakuna aliyekuambia uende kwao?"

"Mama yako alinambia kila mwaka." Akafumba macho. "Siri ya mtungi aijuaye kata. Na kata yenyewe imeshakufa."

"Sasa naijua mimi," akasema mshonaji. "Na mimi sifagii."

Mzee aliruhusiwa kutoka siku ya nane. Hadi siku hiyo mshonaji alikuwa akilala kwa jirani, akisingizia harufu ya rangi. Siku ya kumi na mbili, mshono wa ngiri ukiwa bado unamvuta, mzee alimshika binti yake mkono, wakashuka ngazi, wakatembea mitaa minne. Hakuuliza njia. Ilidhihirika kwamba miaka yote ile alikuwa anajua kaka wa Kamba anafanya kazi wapi, na ndiyo maana viatu vyake alikuwa akivipeleka kushonwa mbali.

Fundi viatu alikuwa na kibanda chini ya ngazi za jengo la maduka, mahali ambapo mtu mwingine angeweka ndoo na ufagio. Viatu vilipanda pande zote hadi chini ya vidato. Yeye mwenyewe alikaa katikati kama kokwa ndani ya tunda, mzee wa miaka sabini, miwani imefungwa kwa uzi.

"Karibuni. Kimekatika kisigino?"

"Mimi nilikuwa mtunza stoo," baba akasema.

Nyundo ikasimama. Mshonaji alitegemea baba yake azungukezunguke kwa maneno, kama wazee wanavyofanya, lakini aliyasema yote kwa mstari mmoja, amesimama, kofia mkononi: alimtuma, akamsahau, akafunga, akamwita mwizi. Wapita njia walipita. Mwanamke mmoja alitaka kuacha ndala, akaona nyuso zao, akaenda zake.

Fundi viatu akailaza nyundo juu ya kiatu.

"Msibani kwake watu walikuja kumi na mmoja," akasema hatimaye. "Nani azike mwizi? Mama yetu alizihesabu zile sahani ambazo hazikuliwa." Akatazama mikono yake. "Siku zote nilijua kwamba ukija nitakupiga. Nilikuwa nimeshajua hata kwa kifaa gani. Sasa naona umezeeka kuliko mimi." Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Binti, na wewe umekuja kumshika asianguke?"

"Nimekuja kwa sababu ndugu yako yuko kwangu, fundi," akasema mshonaji. Akamweleza.

Alitegemea acheke, au awafukuze. Fundi viatu aliuliza kitu kimoja tu. "Anasumbua?"

"Hapana. Anataka pa kulala tu."

"Ndiye," akasema. Akasimama, akafunga kibanda saa sita mchana.

Walipofika nyumbani alivua viatu mlangoni, ingawa hakuna aliyemwomba. Akapiga magoti mbele ya jukwaa, akafunua pazia. Hapakuwa na kitu: mbao safi, na kando kando vishungi vyeupe vya pamba, vidogo kama manyoya ya kifaranga. Akapenyeza mkono ndani hadi begani, akauacha humo. Mshonaji aliona uso wake ukibadilika, kwanza kama mtu aliyegusa maji baridi, halafu kama mtu aliyeshikwa mkono.

"Mdogo wangu," akasema. "Ni mimi. Mzee mwenyewe amesema, kwa kinywa chake, binti yake shahidi. Na atasema tena mbele ya watu wote, nitamleta mimi. Basi twende nyumbani. Hapa ni kwa watu."

Chini barabarani gari lilikuwa linarudi nyuma, likilia. Kisha ubao ukalia kwa urefu wake wote, na pazia likanyooka. Hapo ndipo mshonaji alipogundua kwamba kwa miezi minne yote hakuwahi kuliona limenyooka.

Fundi viatu akasimama, akauendea mlango. Sebule ile, hata baada ya kazi yote ya mzee, watu wawili hawakupishana bila kuombana radhi. Mzee akajibana ukutani kumpisha. Mgeni akapita. Mzee akabaki amejibana vile vile, tumbo ndani, kidevu juu, mkono umeshika mshono wake, na mshonaji, bila kufikiri, akavuta miguu chini ya kiti cha cherehani. Kitu kilipita. Harufu ya magunia ilipita nacho. Kisha mzee akatoa pumzi.

Wakamsikia fundi viatu akishuka ngazi, akisimama kwenye kila ghorofa, kama mtu anayemngoja mwenzake asiyezizoea.

Jumapili iliyofuata mzee alikwenda kusema. Alisimama uani kwa fundi viatu, mbele ya dada wawili wa Kamba na watoto wao na majirani walioitwa kwa makusudi, akalitoa lile neno mwizi na kulirudisha juu ya kichwa chake mwenyewe. Dada mkubwa alimtemea mate miguuni. Dada mdogo alitaka kujua kama ndugu yao aliita, mle ndani, na kama aliita, aliita jina la nani. Mzee akasema hajui, na kwamba kutojua huko ndiko kunakomwamsha. Hakuna aliyempa mkono. Alirudi ghorofa ya tatu akihema, akalala hadi Jumatatu mchana.

Mshonaji aliingiza majora sita uvunguni. Yakakaa. Aliyatazama siku ya kwanza na ya pili na ya tatu, kisha akawa na kazi, akasahau kuyatazama. Kwa baba yake hakuwa kama zamani, lakini hakuwa mbali naye pia. Alimpikia, akamkata kucha, na mara nyingine katikati ya maneno akanyamaza na kumwangalia. Mzee naye hakulalamika. Aliamka mapema kama kawaida, akachukua ufagio, akasimama nao mbele ya uvungu uliojaa, akaurudisha nyuma ya mlango. Siku moja akasema nyumba imekuwa kubwa. Mshonaji akatazama huku na huku kutafuta ukubwa wenyewe, asiuone.

Wiki ya tatu simu iliita mchana wakati anapima kiuno cha mteja. Alikuwa fundi viatu. Aliongea taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya ngozi.

"Binti, samahani. Nyumbani amekataa kukaa. Yuko huku kibandani. Viatu vyote vya safu ya chini navikuta nje kila asubuhi, vimefungwa jozi jozi. Wateja wanavisifu. Sasa nilitaka kuuliza, huko kwenu pazia lilikuwa linafungwa, au linaachwa?"

Mshonaji akamwangalia baba yake, akamkabidhi simu.

"Linaachwa," mzee akasema. "Kiasi cha kiganja." Akasikiliza. "Una upana gani hapo chini? ... Hapana, hapana, usimkunje, yule ni mrefu. Toa mabuti yote upande wa kushoto. Ndiyo, yote. Sasa nenda chini ya kidato cha tatu cha ngazi, hapo umepoteza sentimita arobaini, mimi niliziona siku ile ile..."

Alikuwa amekwisha kuvuta kipande cha boksi na penseli, akichora. Mteja akauliza kama mzee bado anafanya kazi.

"Inua mkono kidogo," akasema mshonaji, akairudisha tepu kiunoni, na baba yake nyuma yake akaendelea kumweleza mtu, kwa upole na kwa vipimo, namna ya kupata nafasi.